Kusoma kwa Masafa: Somo Hufika, Mwalimu Je?

Ndugu walimu wanafunzi, wengi wenu mtakapokwisha kupangiwa vituo mtatamani kusomea shahada bila kuacha kazi. Nami nilifanya hivyo, na nusura nishindwe. Yafaa niwaeleze sababu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa rika la kwenda shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kiasi hicho. Ndipo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku wakifundisha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mratibu wa elimu alikuja kwa baiskeli, akakagua madaftari yetu, akaketi nyuma ya darasa. Wakati ule niliamini kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikinifunza, na kwamba mratibu alikuja kunitafutia makosa tu.

Mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka 49, nilianza shahada ya elimu kwa masafa. Safari hii hapakuwa na redio wala posta. Mihadhara ilirekodiwa, na vitabu vilipatikana katika kompyuta. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda mjini, nikanakili kila kitu katika flashi na kurudi nayo mfukoni. Nilijiona tajiri. Kazi za kuandika nilizijibu kwa kunakili maelezo ya vitabu. Mtihani ulipokuja nilifeli masomo mawili. Walimu vijana niliokuwa nikiwaongoza walipata habari, nami nikaandika barua ya kujiondoa masomoni.

Barua hiyo sikuipeleka. Wiki ile nilikuwa nikisahihisha madaftari ya hesabu. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Nilikuwa nimelieleza jambo lile ubaoni mara mbili, naye kila mara aliitikia kwamba ameelewa. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba katika mamoja alitoa 2 katika 7, kwa kuwa 7 ndiyo kubwa. Maelezo yangu yalikuwa yamemfikia, lakini kosa lake halikuwa limenifikia mimi. Nikajiuliza: makosa yangu mwenyewe yamemfikia nani?

Tangu siku ile nilibadili njia. Nilitafuta wenzangu watatu wa kozi ile ile. Kila Jumamosi kila mmoja aliandika jibu la swali moja bila kufungua kitabu, tukasomeana kwa simu na kukosoana. Kadhalika, nilimwandikia mkufunzi wangu kwa barua pepe, nikimpelekea jibu nililolijaribu mwenyewe. Alinijibu hivi: "Umeeleza vema yasemayo vitabu. Darasa lako liko wapi?" Maneno hayo machache yalinifunza zaidi ya mihadhara yote niliyoibeba mfukoni. Mwaka 2013 nilihitimu.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilisifika kwa vipindi vyake katika televisheni ya BBC. Lakini mwanafunzi wake hakuachiwa televisheni peke yake: alipeleka kazi zake kwa posta, mkufunzi akazisahihisha na kuzirudisha pamoja na maelezo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani. Vyombo hubadilika, lakini haja ya kusahihishwa inabaki pale pale.

Kwa hiyo, utakapojiunga na masomo ya namna hii, usihesabu mihadhara uliyoipakua. Hesabu majibu uliyoyaandika na yakasomwa na mtu mwingine. Kama hapana anayekusoma, mtafute. Nawe utakaposimama mbele ya darasa lako, usiridhike na sauti za watoto wakiitikia "Ndiyo, mwalimu". Fungua madaftari yao.

Yule mratibu alikwisha kufariki. Laiti ningalimshukuru kwa kuketi nyuma ya darasa langu.