Mbuzi wa Mtini

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, fenesi husubiriwa liive. Harufu ndiyo hutangulia kutoa habari, kisha huja kisu, mafuta ya kupaka mikononi, na watoto waliokwisha kukaa mkao wa kula. Fenesi changa, ambalo kokwa zake hazijakomaa, aghalabu huachwa juu ya mti lingoje siku yake. Hata hivyo, jina lenyewe la tunda hili lilivuka bahari. Wagujarati na Wamarathi huliita phanas, nalo likapanda jahazi, likashuka pwani na kuwa fenesi. Jina lilifika, upishi wa fenesi bichi, kwa sehemu kubwa, ulibaki ng'ambo.

Upande wa mashariki wa Bara Hindi, katika nchi ya Bengali ambayo leo imegawika baina ya India na Bangladesh, fenesi changa lina jina lake mbali: echor. Tena lina jina la utani, gachh-patha, yaani mbuzi wa mtini. Wapenzi wa ushairi wataitambua istiara hiyo pasi na kuelezwa: nyama iliyoota tawini, mnyama asiyechinjwa. Lakini istiara hii walikuwapo walioihitaji kuliko wengine, nao ni wajane.

Mwanamke wa Kihindu wa tabaka la juu, alipofiwa na mumewe, alivua bangili, akavaa nguo nyeupe, na chungu chake kikatengwa na vyungu vya wengine. Nyama alikatazwa. Samaki, ambaye kwa Mbengali ni kama wali wenyewe, alikatazwa. Kitunguu maji na kitunguu thomu navyo vilikatazwa, kwa kudhaniwa kuwa huchemsha damu na kuamsha matamanio. Wali alikula mara moja kwa siku, na siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo alifunga, mara nyingi bila ya hata tone la maji. Kwa kuwa wasichana waliozwa wakingali watoto, wako waliofiwa na waume wasiowajua sura. Mwanamke wa pwani hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha akatoka. Ya mjane wa Kibengali ilikuwa eda isiyokwisha.

Mwaka 1829 serikali ya Kiingereza ilipiga marufuku desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe. Mwaka 1856, baada ya juhudi kubwa za mwanachuoni Ishwar Chandra Vidyasagar, ilipitishwa sheria ya kumruhusu mjane wa Kihindu aolewe tena. Walioolewa walikuwa wachache. Sheria ilifungua mlango wa ndoa, lakini haikuingia jikoni.

Jikoni mjane alijiingilia mwenyewe. Msimu wa mafenesi machanga ulipowadia, alipaka mafuta ya haradali kwenye kisu na viganjani, maana utomvu wa fenesi ni ulimbo usiosamehe. Aliondoa ganda la miiba, akakata vipande, akavichemsha kwa chumvi na manjano mpaka vikalainika bila ya kuvurugika. Mahali pa kitunguu alitia mvuje kidogo katika mafuta ya moto, kisha uzile, tangawizi iliyotwangwa, pilipili, na viazi vilivyokwisha kukaangwa. Alikaanga taratibu mpaka mafuta yakajitenga na viungo. Mwisho alitia iliki, mdalasini, kijiko cha samli, na karafuu, kiungo ambacho Unguja na Pemba ziliiuzia India kwa miaka mingi. Nyuzi za fenesi hushika mchuzi kama nyama ya mbuzi iliyoiva, na meno hukuta kitu cha kutafuna.

Ajabu ni kwamba Wabengali hao hao, wanapompika mbuzi aliyetolewa sadaka kwa Kali, mungu wao wa kike, humpika bila ya kitunguu wala thomu, na nyama hiyo huhesabiwa kuwa chakula cha kimboga. Basi nyumba moja iliweza kuwa na mboga iitwayo nyama, na nyama ihesabiwayo mboga. Maneno yalikuwa na uhuru wa kuvuka mpaka. Mwanamke hakuwa nao.

Wahenga walinena kuwa mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Methali hiyo haitoshi hapa. Anayeamwa titi la mbwa huridhika na duni, ilhali chungu cha mjane kilisifika hata wajukuu wakakiacha chakula cha jiko kubwa na kujipenyeza kwa bibi yao. Lakini sifa isifiche hesabu: gramu 100 za fenesi bichi hazina hata gramu 3 za protini, ilhali za nyama ya mbuzi iliyopikwa hupita 20. Ulimi ulidanganyika, mwili haukudanganyika. Ustadi wote ule ulikuwa ni wa kuitafutia njaa heshima.

Leo desturi ile imelegea sana, ijapokuwa haijatoweka pote. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, lilitangaza fenesi kuwa tunda lake rasmi mwaka 2018, na katika miji ya Ulaya na Marekani fenesi bichi huuzwa makoponi kwa wale walioiacha nyama kwa hiari yao. Nao wana haki ya kulifurahia. Ila kuacha si sawa na kunyimwa, na mkono uliokwisha kujua namna ya kulifanya fenesi liwe nyama ulikuwa mkono usio na bangili. Anayelionja na akasema, "Kama nyama hasa!", anarudia bila ya kujua maneno ambayo mjane aliyangojea kwa wajukuu wake, chungu kikiwa bado kinafuka moshi.