Safari ya Kutafuta Ulezi wa Kimea

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu iko mashambani, siyo jikoni kwa watu. Lakini safari ninayotaka kukueleza ilianzia jikoni.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa Julai mwaka jana. Nilipita nyumbani kwa bibi mmoja wa kijiji chetu. Kijiji hicho kiko upande wa mashariki wa mji wa Kondoa, mkoa wa Dodoma. Nilitaka kuona kihenge chake kipya. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu. Samahani, mikono yangu ina maji."

Mikono yake ilikuwa na maji kweli. Tena maji yenyewe yalikuwa mekundu.

"Haya ni maji ya tatu," akasema. "Rangi inakaribia kwisha."

Nikatazama ndani ya beseni. Kulikuwa na mtama. Ulikuwa mtama wa mbegu, ule wa pakiti, uliobaki baada ya kupanda. Bibi huyu anamlea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto alikuwa haongezeki uzito. Muuguzi wa kliniki alimshauri bibi ampikie uji wenye kimea. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Basi bibi akatafuta nafaka ambayo ana hakika kwamba itaota.

"Si wewe uliyetuambia mkutanoni kwamba mbegu ya pakiti ndiyo inayoota?" akaniuliza. "Ulisema ya gunia haina uhakika."

Ndivyo nilivyosema. Nilisema mbele ya watu wote, mwezi wa Novemba, chini ya mbuyu. Nilikuwa nikieleza habari za kupanda. Habari za kula sikuzitaja hata kidogo. Niliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, maana miguu iliniishia nguvu. Kama ningepita siku tatu baadaye, mtoto yule angekuwa amelishwa dawa ya mbegu, na maneno yangu ndiyo yangekuwa yamemlisha.

Rangi nyekundu, au ya kijani, au ya buluu, hutiwa kwenye mbegu kwa makusudi. Inamwambia mtu kwamba mbegu hiyo imetiwa dawa ya kuua wadudu au ukungu, na kwamba si chakula. Ukiosha, rangi inaweza kutoka. Dawa inabaki.

Nilimweleza bibi yaliyotokea katika nchi ya Iraki. Mwaka 1971 nchi hiyo iliagiza ngano na shayiri ya mbegu kutoka ng'ambo. Mbegu zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki, pamoja na rangi nyekundu. Zilichelewa kufika, na wakulima wengi walikuwa wamekwisha panda. Maandishi kwenye magunia yalikuwa ya lugha za kigeni. Watu wakaosha mbegu, wakaona rangi imetoka, wakasaga, wakaoka mikate. Wagonjwa zaidi ya 6,000 walilazwa hospitali, na zaidi ya 450 kati yao walikufa. Dawa za mbegu za siku hizi si zile za zebaki. Hata hivyo hakuna dawa ya mbegu iliyotengenezwa ili mtoto aile.

Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Sasa nitafute wapi nafaka inayoota? Pesa yenyewe ndiyo hii." Akafungua pindo la kanga. Nilitazama pembeni.

Tulifukia mtama ule kwenye shimo refu, mbali na kuku, na maji yake mekundu tukayamwaga humo humo. Pakiti moja ilikuwa bado haijafunguliwa. Ile tuliifunga kwa kamba nyekundu na kuitundika juu ya dari, mbali na unga, ingoje mvua. Nikaahidi kwamba nitakwenda kutafuta nafaka mwenyewe. Jioni hiyo wanawake wengine watano walisikia, nao wakaleta pesa zao.

SOKONI KONDOA

Alhamisi nilipanda pikipiki hadi Kondoa mjini. Kondoa ni mji wa zamani. Una chemchemi kubwa inayotoa maji mwaka mzima, na mgeni akifika huonyeshwa chemchemi hiyo kabla hajaonyeshwa kitu kingine chochote. Mimi si mgeni, nikaenda moja kwa moja sokoni.

Kwanza nilitazama choroko. Choroko ni rahisi sana kuotesha. Unaziloweka usiku mmoja, unamwaga maji, unazifunika kwa kitambaa kibichi, na unazisuuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu zimeota vimkia vyeupe. Hizo hupikwa kama mboga. Choroko kavu karibu hazina vitamini C, lakini zikiota huipata. Katika miezi ya kiangazi, wakati mchicha umekauka na nyanya ni ghali, hiyo si faida ndogo.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na choroko safi, hazina tobo hata moja. Nilichota kiganjani nikaona vumbi jeupe.

"Hili ni nini, ndugu yangu?"

"Dawa ya ghala," akajibu bila kuficha. "Nisipotia, baada ya miezi miwili nitauza matobo matupu."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Alikuwa na haki. Mdudu wa choroko huanza kazi yake zikiwa bado shambani, na ghalani humaliza. Dawa ya ghala si sawa na dawa ya mbegu. Imewekwa kwa nafaka ya kula, lakini ina kipimo chake na siku zake za kusubiri. Muuzaji huyu hakukumbuka alitia lini, wala alitia kiasi gani. Sikununua.

Muuzaji wa pili aliuza choroko za mavuno ya mwaka ule. Alisema alizihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, bila dawa. Nyingine zilikuwa na tobo. Kwa kazi yetu tobo chache ni afadhali kuliko vumbi, maana tobo unaliona na unaliondoa. Nikachukua kilo mbili kwa kujaribu.

Nilipita pia kwenye duka la pembejeo, nipate kulinganisha bei. Pakiti ya mahindi ya mbegu ya kilo 2 iliuzwa shilingi 15,000. Pale sokoni pesa hiyo ingenipa kilo 15 za mahindi ya kula. Yule anayenunua mbegu ya duka ili aioteshe na kuila analipia dawa, rangi na pakiti, yaani vitu vitatu asivyovihitaji.

Ulezi ulikuwepo mjini kwa shilingi 8,000 kwa sado moja. Niliutia kidogo mdomoni nikatafuna. Ulilia kama kokoto. Ulikuwa umepurwa chini na kuzolewa pamoja na mchanga. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu alinicheka. Akasema, "Ulezi nenda Bereko, babangu. Hapa unanunua na barabara."

KUPANDA MILIMA

Kesho yake nilipanda basi linalokwenda Babati. Barabara hii ya lami kutoka Dodoma ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Kabla ya hapo mtu alifika Bereko akiwa na rangi ya udongo.

Kutoka Kondoa basi lilielekea kaskazini hadi Kolo, mahali wanaposhuka wageni wa kutazama michoro ya kale ya mapangoni. Mimi hutazama milima. Wazee husimulia kwamba zamani milima hii ilikuwa mitupu, imechanwa na makorongo kama nguo kuukuu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Watu walinung'unika sana, na wengine wananung'unika hata leo. Lakini ukipita sasa unaona miti imefunika vilima, na katika makorongo mengine watu wanalima miwa na migomba.

Kupita Kolo barabara inapanda, inakata kona nyingi, na ubaridi unaanza. Bereko iko juu huko. Nilikuwa na koti jepesi tu, nikajuta.

Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye ulezi. Alipura wake juu ya turubai. Nilitafuna, nikasikia mchanga kidogo tu.

"Umetia dawa gani?" nikamwuliza.

Akanishangaa. "Dawa ya nini? Nani anakula ulezi kabla yangu?"

Jibu lile lilistahili nauli yangu. Punje ya ulezi ni ndogo mno, na wadudu wa ghala hawaipendi. Ulezi uliokaushwa vizuri hukaa miaka mingi bila dawa yoyote. Nilifundishwa hivyo chuoni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilijibu kwenye mtihani nikapata alama, kisha nikasahau. Nafaka ambayo wadudu hawaitaki ndiyo isiyo na dawa, na ndiyo inayofaa kuoteshwa kwa ajili ya mtoto.

Ulezi una sababu nyingine ya kuushinda mtama. Mtama ukiota, vijani vyake na vijizizi vyake huwa na sumu. Wale wanaotengeneza kimea cha mtama lazima waviondoe vyote. Kwa mtoto mdogo, mimi nashauri ulezi.

Bei ilikuwa shilingi 6,000 kwa sado. Nikanunua sado sita. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Kondoa ilikuwa shilingi 6,000. Sasa piga hesabu, msomaji. Kama ningenunua sado moja ya bibi peke yake, ningeokoa shilingi 2,000 na kupoteza 6,000 barabarani. Kwa sado sita niliokoa 12,000. Tukitoa nauli, zilibaki 6,000 za faida. Nauli ya pikipiki sikuihesabu, maana hiyo niliilipa mwenyewe kwa makosa yangu ya mwezi wa Novemba.

TULIVYOOTESHA

Jumamosi tulikutana nyumbani kwa bibi. Kwanza tulipima uotaji. Tulihesabu punje 100 za ulezi na choroko 100, kila moja katika kitambaa chake kibichi. Siku ya nne tulifungua. Ulezi ulioota ulikuwa punje 93. Choroko zilizoota zilikuwa 78. Kipimo hiki ninakitumia kila mwaka kwa mbegu za shamba, na kinafaa vilevile kwa chakula. Punje isiyoota hubaki kwenye maji, inaoza, na kuharibu zilizo jirani. Kwa hiyo choroko tulizichambua tena na kutupa zenye tobo.

Ulezi tuliuosha katika maji mengi. Mchanga ulizama, ulezi tukauchota taratibu kwa kikombe. Tukauloweka usiku mmoja katika maji safi. Asubuhi tukamwaga maji, tukautandaza kwenye gunia safi lililoloweshwa, tukaufunika. Tuliunyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili ulikuwa umeota. Tukauanika kwenye mkeka mpaka ukakauka kabisa, tukaupukuta kwa mikono, tukapepeta vijizizi, tukausaga.

Mama mmoja wa kikundi alichelewa kuanika. Ulezi wake ukaota ukungu mweusi, ukanuka. Alitaka kuupepeta na kuutumia. Tulimkatalia. Huku kwetu hatujasahau mwaka 2016, watu walipokufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile hutoka kwenye ukungu, na kupika hakuiondoi. Wenzake walimchangia kikombe kimoja kimoja, naye akaanza upya.

Uji hupikwa hivi. Pika uji mzito wa kawaida mpaka uive. Uepue, upoe kidogo, uwe wa moto lakini usichemke. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache uji mzito unalainika mbele ya macho yako, ingawa hukuongeza maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena. Ukitia kimea wakati uji unachemka, hautalainika, kwa sababu moto mkali huua nguvu yake. Faida yake ni kwamba tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa maji mengi hulijaza bila kumshibisha. Uji wa kimea una unga mwingi, na mtoto anaweza kuumeza.

Choroko zilizoota tulizikaanga kwa kitunguu na nyanya mpaka zikaiva. Usizile mbichi. Joto na unyevu unaootesha punje huotesha pia vijidudu vya maradhi. Mwaka 2011 huko Ujerumani, nchi yenye hospitali na maabara nyingi, watu zaidi ya 50 walikufa kwa ugonjwa uliotokana na mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi.

Mtoto alimaliza bakuli lake, akapiga sufuria kwa kijiko. Bibi alimfuta mdomo, halafu akanigeukia.

"Bwana Shamba, ulezi wako umeota vizuri. Lakini mchanga bado umo kidogo. Mwezi ujao nipe nauli, nitakwenda Bereko mwenyewe."