Ameachishwa Ziwa, Lakini Bado Ni Mtoto

Kina mama wenzangu, sisi wa Buzebazeba tuko karibu na Gombe, lakini wengi wetu husikia habari zake kwa wageni tu. Mwaka jana, mvua zilipoanza, baadhi yetu wa kikundi cha kanisa tulichanga nauli, tukateremka Kibirizi na kupanda boti kuelekea kaskazini.

Kabla ya kuingia msituni, kijana wa kutuongoza aliuliza nani ana mafua. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikohoa akaambiwa abaki ufukoni. Alinuna sana. Mimi kama muuguzi nilielewa. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na kikohozi kinachotupita sisi kwa siku chache huweza kuwaua wao. Ndiyo maana nasi tulivaa barakoa na kusimama mbali.

Tulimkuta mama mmoja akivua mchwa kwa kijiti, mwanawe akimtazama mikono bila kupepesa. Jane Goodall aliyaona hayo hapa Gombe mwaka 1960, na dunia ikashangaa kwamba mnyama naye hutengeneza zana. Watoto hujifunza kwa kumtazama mama, na wa kike hushika mapema kuliko wa kiume.

Mama mzee aliyeitwa Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint alikuwa na miaka 8, ameshaacha kunyonya. Hata hivyo alikataa kula, akadhoofika, naye akafa kabla ya mwezi kwisha. Utafiti wa Gombe uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hakuwa peke yake: sokwe anayefiwa na mama baada ya kuachishwa ziwa bado yumo hatarini kufa mapema. Kwa wa kiume, hatari hiyo huwapata hata waliokwisha kupita miaka 10. Kumbe kikohozi kinachomwua mama huweza kumwondoa na mtoto.

Njiani kurudi nilimsimulia mwenzetu yule, naye akanyamaza, kisha akasema, "Basi nilifanya vema kubaki."

Nami nilikuwa na langu. Kitindamimba wangu ana miaka 12. Kwa zamu zangu za usiku nilizoea kusema, "Huyu ameshakua, anajitegemea." Jioni ile nilimkuta barazani na madaftari yake. Sikumwuliza kama amekula. Nilivuta kigoda, nikaketi karibu naye. Baada ya kitambo akaanza kunieleza mambo ya shuleni ambayo sikuwahi kuyasikia.

Mama mwenzangu, wako ana miaka mingapi?