Motokari ya Jamaa na Motokari ya Wawili

Vijana wengi wa Lubumbashi huulizana: ipi ni bora, motokari ya zamani yenye nguvu au ile mpya yenye mbio? Neno hili limeingia hata katika jamaa yetu, nami kwa kuwa ni mkubwa nimetakiwa kutoa shauri. Basi, tulipime kwa haki.

Marehemu baba yetu alituachia Peugeot 504 ya namna iitwayo Familiale, maana yake ya jamaa. Namna hiyo ndefu ilianza kuuzwa mwaka 1971. Ina safu tatu za viti, na ekseli ya nyuma imebebwa na springi nne, ndiyo sababu haiogopi mzigo. Motokari za 504 zilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na tena mwaka 1978, katika vumbi na matope kama yetu. Kabureta yake fundi wa Katuba huifungua chini ya mwembe kwa vyombo vichache.

Mdogo wangu, afanyaye kazi katika machimbo, ametamani Mazda MX-5, ya namna iliyotoka mwaka 2015. Ina viti viwili tu, na paa la turubai ambalo dereva hulikunja kwa mkono. Uzito wake ni kilo 1000 hivi. Sanduku la nyuma ni la lita 130: mifuko michache ya unga ikiingia, mwingine utapakatwa. Aliniambia, “Yaya, ile ya Baba ni bati tu. Tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma, fedha inisaidie kulipa forodha.”

Mimi sidharau furaha yake. Jioni ya mwezi wa Juni, hewa kavu na baridi, paa limefunguliwa, barabara ya Likasi mbele yako: nani hatafurahi? Tena motokari yake ina mifuko ya hewa ya kumkinga mtu wakati wa ajali, na breki za akili. Yetu haina hayo. Safu yake ya nyuma haina hata mikanda. Motokari inayobeba wengi yaweza pia kuumiza wengi.

Lakini ile anayotaka inatoka Japani, usukani upo kuume, na sisi Kongo twaendesha upande wa kuume. Fikirini barabara ya Kasumbalesa, malori ya shaba yamefuatana. Dereva ameketi chini, ukingoni mwa njia. Ili aone mbele ya lori, lazima kwanza aitoe motokari yake nje. Na mvua za Novemba zikichimba mitaa yetu, tumbo la motokari fupi litakwaruza udongo.

Bado kuna jambo kubwa zaidi. Usiku mmoja wa masika jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mama yake, shangazi zake wawili na mumewe walikwenda naye hospitali, wote pamoja, katika 504. Siku za matanga inabeba sufuria, mikeka, makala na wazee wasioweza kutembea. Viti viwili vingetulazimisha kuchagua nani abaki.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu hivi: Mshahara wako ni wako, nunua upendacho. Lakini 504 si yako wala si yangu. Baba aliiacha kwa jamaa, na jamaa haijasema iuzwe. Tukusanye fedha, tutie kwanza mikanda katika safu ya nyuma, kisha tutengeneze breki. Rangi ingoje.

Alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza mikanda mitatu ni bei gani.

Nanyi mlio na motokari za namna hiyo, kagueni kiti cha nyuma kabla ya kusifu mashini. Huko ndiko wanakoketi watoto.