Bao la Tatu

Katika ujana wangu nilikwenda Uchindile, kituo cha reli ya TAZARA, kumwamkia babu. Jioni tuliketi baoni: mashimo 32, kete 64. Bao la kwanza nilishinda mimi. La pili, kwa jasho, alishinda yeye. Katika la tatu nilijaza kete nyumbani, nikakataa kuzitembeza, nikazilinda kama bahili alindavyo hazina. Babu akanamua kete moja, akaila nyumba nzima. Hazikupita zamu mbili, safu yangu ya mbele ikawa tupu, nami ningali na kete za kunamua.

“Umefungwa mkononi, mjukuu wangu,” alisema.

Babu amekwisha fariki. Kila niwekapo akiba nisiyothubutu kuitumia, naikumbuka nyumba ile.