Mji wa Kale wa Mombasa na Vyombo Vyake vya Kuvusha

Mgeni aingiaye Mombasa kwa barabara itokayo bara hupita Makupa na kuendelea na safari yake bila kufahamu kwamba amevuka bahari. Njia imejengwa juu ya maji, magari yanafuatana, na pande zote mbili macho yake huona maduka na maghala tu. Basi huja akafanya shughuli zake, akauza alichokuja kuuza au akapeleka barua zake ofisini, kisha akarudi kwao akisema ya kuwa ameuona mji. Lakini kisiwa hakijui mtu mpaka akitazame kutoka majini. Kwa hiyo, msomaji, safari ijayo ukipata nafasi ya asubuhi moja, nakusihi uteremke mpaka Mji wa Kale, ukasimame pale watu waliposimama tangu zamani wakingoja chombo cha kuwavusha.

Anza safari yako Ngomeni. Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ikawa makumbusho mwaka wa 1960, na mwaka wa 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiipa kisogo ukashika Ndia Kuu, utaingia katika vichochoro ambamo jua la saa sita halifiki chini. Kuta zimekaribiana, roshani za mbao zimetokeza juu ya kichwa chako, na milango mizito ya nakshi imekaa mahali pake kama wazee barazani. Utaupita msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe, nao ni miongoni mwa misikiti ya zamani kabisa mjini. Kisha kichochoro kitafunguka ghafula, nawe utaiona Bandari ya Kale.

Hapa ndipo Mombasa ilipokuwa ikipokelea wageni kabla meli kubwa hazijahamia Kilindini. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, majahazi ya Arabuni, ya Ajemi na ya Bara Hindi yaliteremka na tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu. Kusi ilipoanza kuvuma, yaligeuza tanga na kurudi yamesheheni boriti za mikoko. Siku hizi majahazi ya ng'ambo hayajai tena bandarini humo. Lakini vyombo vya mbao bado vipo, na maji yakipwa utaviona vimelala ubavu ufuoni, na watu wameviinamia.

Huko ndiko nilikokwenda. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini karibu na mashua kuukuu, na kijana akipigilia nyuzi za pamba katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilimwamkia mzee, naye aliniitikia kwa upole na kunionyesha pa kukaa. Baada ya kujuliana hali nilimwuliza kama mashua ile kuukuu ilistahili taabu ile yote, nami niliona mbao zake nyingine zimekwisha kuoza. Mzee alicheka. Akasema, "Mwanangu, chombo hakiuawi na bahari. Chombo hufa kwa kuachwa."

Nilikaa naye hata maji yakaanza kujaa, naye alinieleza kazi. Chombo cha mbao hakitengenezwi mara moja kikaisha. Kwanza hungojwa bamvua, maana ndipo maji hujaa sana na chombo kikaweza kusogezwa juu kabisa ufuoni, na maji yakipwa hubaki pakavu. Mbao zilizooza hutolewa, na mpya hupimwa na kuchongwa kwa tezo mpaka zikubaliane na taruma, yaani zile mbavu za chombo. Taruma nazo hazipindwi kwa moto. Hutafutwa mti uliopinda wenyewe tangu shambani, ili nguvu ya mti ifuate umbo la chombo. Kisha hufuata kalafati, ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya yule kijana, ya kuziba kila mwanya kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Juu ya maji mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Chini ya maji hupakwa deheni, nayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili wadudu wa baharini walao mbao wasipate njia. Baada ya miezi kadhaa deheni huisha nguvu, na kazi huanza tena.

Sasa, msomaji wangu, sikiliza jambo lililonipendeza zaidi. Chombo kikiwa tayari, hakuna fundi awezaye kukirudisha majini peke yake. Kazi hii huitwa kushua, na tangu zamani imekuwa kazi ya kujitolea. Habari hupelekwa mtaani, na watu huja: wavuvi, wachukuzi, wanafunzi waliotoka chuoni, hata mwenye duka hufunga mlango wake kwa saa moja. Magogo hulazwa chini ya mkuku, kamba hushikwa, mmoja hutoa sauti ya wimbo na wengine huitikia, na kila wanapoitikia chombo husogea. Hapana alipwaye. Mwenye chombo huwapikia chakula, nao huomba dua na kutawanyika. Wakulima mnaisoma habari hii mtafahamu mara moja, kwa sababu ni mambo yale yale ya kulimiana shamba kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako.

Kwa nini watu wa mji huu walivithamini vyombo vyao kiasi hicho? Ni kwa sababu kisiwa bila chombo ni gereza. Toka Mji wa Kale tazama ng'ambo, utaiona nchi ya Kisauni karibu sana, hata ungedhani mtu akiita ataitikiwa. Ng'ambo hiyo ndiko lilikojengwa kijiji cha Freretown mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa, na kengele yao imebaki hata leo pale Kengeleni. Kabla ya daraja, aliyetaka kwenda huko alivushwa kwa mtumbwi, kwa dau au kwa mashua. Mwaka wa 1931 likafunguliwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, na mwaka wa 1980 likafuatiwa na hili tulionalo leo. Katika njia ya kwenda Malindi ilikuwapo Mtwapa, ambako kivuko kilivutwa kwa minyororo na nguvu za mikono, na wavutaji wakiimba ili miguu yao iende pamoja. Mbele yake kilikuwapo kivuko cha Kilifi mpaka daraja lilipojengwa mwaka wa 1991. Upande wa kusini, Likoni bado panavushwa kwa vivuko vya chuma, na malaki ya watu hupita pale kila siku, wengine wakienda kazini na wengine wakirudi.

Wako wasomao habari hizi wakasema kwamba ni hadithi za wazee, kwamba daraja limekuja na kivuko kimekwenda, na yaliyopita si ndwele. Nami ningalikubaliana nao kama jambo lenyewe lingalikuwa la kupendeza macho tu. Lakini tukumbuke tarehe 29 Aprili 1994. Siku hiyo kivuko cha Mtongwe, kilichojaa watu kupita kiasi, kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Walikuwa watu waliotaka kuvuka tu, kama wavukavyo wengine kila asubuhi. Zamani nahodha wa mashua alitazama jinsi chombo kilivyozama kwa uzito, na alipoona alama yake imefika alikataa abiria, hata akiwa ndugu yake. Elimu hiyo ya kujua kiasi cha chombo ni sehemu ya urithi, sawasawa na nakshi za mlango. Watu wakiisahau, gharama yake si fedha.

Tena yako mambo ya kutufundisha chini ya maji yale yale yaliyo mbele ya Ngome. Mwezi wa Oktoba 1697, Ngome ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman, manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyoundwa Bara Hindi mwaka wa 1681, ilizama hapo. Ilikaa mchangani karibu miaka mia tatu. Walioigundua katika miaka ya 1960 hawakuwa wataalamu waliotumwa, bali ni wapiga mbizi waliozama kwa kupenda kwao wenyewe. Kuanzia mwaka wa 1977 mpaka 1980 wataalamu walikuja wakaichunguza, wakapandisha vyombo vya udongo, silaha na vifaa vya mabaharia, na vingi ya hivyo vimo katika makumbusho ya Ngome. Lakini mwili wa manowari haukupandishwa. Walipima kila ubao, wakaandika, wakapiga picha, kisha wakaufunika tena kwa mchanga, kwa sababu mbao zilizokaa majini muda mrefu zikipata hewa huharibika upesi, na kuzihifadhi ni gharama kubwa mno. Hiyo nayo ni hekima. Kuhifadhi si lazima kuweka kitu mbele ya macho ya watu. Pengine ni kukifunika vizuri na kuwaachia watakaokuja wenye uwezo zaidi.

Mfano mwingine uko mbali na pwani, katika ziwa la Tanganyika. Wajerumani waliunda meli huko Papenburg mwaka wa 1913, wakaikongoa vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, wakaiunga tena. Mwaka wa 1916 vita vilipowashinda, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Mwaka wa 1924 Waingereza waliipandisha, wakakuta mashine ingali nzima, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Iliwachukua wasafiri wa ziwa hilo miaka mingi sana. Mtu aliyepaka mafuta yale hakujua nani atakayeipandisha meli. Aliitendea haki kazi yake, basi.

Na kuna mtepe. Chombo hicho cha Waswahili hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ilikwisha kutoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Mwaka wa 2003 mafundi waliunda mmoja tena huko Unguja, nao ukawekwa katika Beit al-Ajaib watu wauone. Ilibidi mafundi hao watafute kwa taabu elimu ambayo babu zao waliipata bure, kwa kukaa tu kando ya baba zao. Nayo nyumba yenyewe ilibomoka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020. Tusidhani, basi, kwamba kitu kikisha kutengenezwa kimesalimika. Kila nyumba na kila chombo hudai deheni yake kwa wakati wake.

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka wa 1990, na sheria hiyo imeokoa milango na roshani nyingi. Lakini sheria haiwezi kushika tezo. Mbao nzuri ni ghali, vijana wengi hutafuta kazi zenye mshahara wa mwezi, wala hatuwezi kuwalaumu. Yule kijana niliyemwona akipiga kalafati aliniambia kwamba ana kazi yake mjini, na kwamba huja ufuoni siku za mapumziko tu. Nilipomwuliza analipwa nini, alimtazama mzee akatabasamu, akasema, "Nalipwa majina." Alimaanisha majina ya vitu: mkuku, taruma, foromali, na mengine ambayo mzee humtajia kila siku wanapokutana.

Kwa hiyo nina maneno mawili ya kumalizia. Wewe mkulima wa Kwale au Kilifi, ukiona tawi la mwembe lililopinda, usilihesabu kuwa ni kuni tu, pengine ni taruma ya chombo cha mtu. Uliza kabla ya kukata. Nawe karani, ambaye kalamu ndiyo jembe lako, chukua daftari uende kwa mzee wako, awe baharia, fundi au mvushaji, umwulize majina ya vitu vya kazi yake na namna alivyoifanya, uyaandike yote kabla ya jua kutua. Kazi hiyo haina mshahara, lakini ni kushua kwa namna yake: mmoja hatoshi, wengi wakishika kamba chombo huenda.

Nilipoondoka maji yalikuwa yamefika kwenye mkuku wa ile mashua. Mzee aliinuka, akaupapasa ubao mpya kwa kiganja kama mtu apapasavyo mgongo wa ng'ombe wake, akamwambia kijana wakutane bamvua ijayo.