Mkondo na Ukinzani katika Mwalo wa Ujiji

Mvuvi wa dagaa wa Ujiji aliyeacha karabai na kutumia taa ya betri anajua kwamba kiungo cha waya kikishika kutu, taa hufifia. Ohm aliieleza kanuni hiyo mwaka 1827. Kwa betri ya volti 12, ukinzani wa omu 4 hupitisha mkondo wa ampea 3; ukinzani ukiwa omu 8, mkondo huwa ampea 1.5. Zao lake halibadiliki: 12. Huu ndio uwiano kinyume. TUKI ilichapisha kamusi ya istilahi za fizikia, kemia na biolojia mwaka 1990. Hata hivyo, mtoto wa mvuvi huyo, afikapo sekondari, hufundishwa kanuni hiyohiyo kwa Kiingereza. Hapo huongezeka ukinzani mwingine, wa lugha, na maarifa yampitayo hufifia kama taa ya babaye.